Maji Yakimwagika Huenda Wapi? Historia Fupi ya Maji Yaliyotumika katika Busia na Tororo

Kila mwalimu wa Kiswahili amewahi kuandika ubaoni methali isemayo "Maji yakimwagika hayazoleki", na kila mwanafunzi amewahi kuieleza kwa maneno yale yale: jambo likishaharibika halitengenezeki. Kwa mambo ya wanadamu methali hii ni ya kweli. Lakini tukiichukua kwa maana yake ya juu, yaani habari ya maji yenyewe, twaona ina upungufu. Maji yakimwagika huzolewa. Huzolewa na ardhi, na kijito, na kinamasi. Na mwisho huzolewa na mtu mwingine aliye chini ya mkondo, ambaye huyachota akayapika na kuyanywa pasipo kujua yametoka kwa nani.

Makala haya yanamhusu mtu huyo wa chini ya mkondo. Nia yetu ni kueleza jinsi fedha za umma zilivyotumiwa kuwaletea maji watu wa Busia na Tororo, na jinsi fedha hizo zilivyochelewa kuyafuata maji hayo baada ya kutumika. Tutasema pia kwa nini kazi hii ya pili, yaani kuyakusanya maji yaliyotumika, kuyasafisha na kuyarudisha kazini, haiwezi kuachiwa kila mtu na mfuko wake.

Nchi na mito yake

Busia ni mji mmoja wenye serikali mbili. Barabara itokayo Kisumu kwenda Jinja na Kampala hupita katikati yake, na mtu huweza kununua unga upande wa Kenya na kuupika upande wa Uganda. Tororo iko kaskazini, ndani ya Uganda, chini ya jabali kubwa linaloonekana kutoka mbali, karibu na mpaka wa Malaba. Wasamia, Wateso na jamaa zao wengine wako pande zote mbili. Wakhayo wako upande wa Kenya, Wagwe na Wapadhola upande wa Uganda. Hadi mwaka 1902 nchi yote hii ilihesabiwa kuwa Uganda. Tarehe 1 Aprili ya mwaka huo Waingereza walilihamisha Jimbo la Mashariki la Uganda na kuliunganisha na himaya yao ya Afrika Mashariki, ambayo baadaye iliitwa Kenya. Mpaka mpya ulifuata, katika baadhi ya sehemu zake, mikondo ya mito ya Sio na Malaba.

Watu waligawanywa, lakini maji hayakugawanyika. Mto Malaba hutoka katika miteremko ya Mlima Elgon, hupokea maji ya mito mingine ikiwamo Malakisi itokayo Kenya, kisha huingia Uganda na kupita karibu na Tororo, ambako mji huo huchota maji yake. Kutoka hapo huelekea Mpologoma na Ziwa Kyoga. Mto Sio nao huteremka kupitia nchi ya Bungoma na Busia hadi Ziwa Viktoria. Ukitazama ramani utadhani mito hii miwili imeagana milele, mmoja ukienda kaskazini na mwingine kusini. Kumbe sivyo. Maji ya Sio, yakiisha kuvuka ziwa, hutoka Jinja kwa Mto Nile na kuingia Kyoga, na huko huyakuta maji ya Malaba. Basi maji aliyonawia mtu wa Busia na maji aliyofulia mtu wa Tororo hukutana mwishoni katika ziwa moja.

Kwa vizazi vingi mwenye kazi ya kuyasafisha maji hayo alikuwa kinamasi. Mafunjo yaliyojaa katika mabonde ya mpakani, kama lile la Sio-Siteko ambalo nchi hizi mbili hushirikiana, hupunguza mwendo wa maji, hukamata matope, na mizizi yake huwapa bakteria mahali pa kukaa na kula uchafu. Wataalamu waliofanya hesabu ya kinamasi cha Nakivubo huko Kampala mwishoni mwa miaka ya 1990 walikadiria kwamba kazi ya kusafisha maji inayofanywa na kinamasi kile peke yake ilikuwa na thamani ya kati ya dola milioni 1 na milioni 1.75 za Marekani kwa mwaka. Wazee wetu walipata huduma kama hiyo bila malipo. Lakini kinamasi ni mtumishi wa watu wachache. Watu wakizidi, na mafunjo yakifyekwa ili kupanda mpunga na viazi, mtumishi huyo huzidiwa.

Reli, kiwanda na bomba

Mji wa kisasa uliletwa Tororo na reli. Katika miaka ya 1920 njia iliyotoka Nakuru na Eldoret ilivuka mpaka na kupita Tororo kuelekea Jinja, na tawi lake la kaskazini lilifika Soroti mwaka 1929. Magari ya moshi yalikunywa maji mengi kuliko mtaa mzima wa watu, na kila kituo kikubwa kililazimika kuwa na chanzo cha kutegemewa. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 kikaja kiwanda cha saruji, kilichotumia mawe ya chokaa ya Tororo wakati ambapo Uganda ilikuwa ikijenga bwawa la Owen Falls huko Jinja, lililofunguliwa mwaka 1954.

Tunataja mambo haya kwa sababu yanaonyesha fedha za umma za wakati ule zilifuata nini. Katika miji ya kikoloni ya Afrika Mashariki bomba lilikwenda kwanza stesheni, kiwandani, hospitalini na katika nyumba za maofisa. Huko ndiko pia kulikokuwa na vyoo vya maji na mabomba ya kuyaondolea. Vitongoji walimokaa vibarua vilipewa bomba moja la kuchotea, na choo cha shimo au cha ndoo. Mji ulipangwa kana kwamba mtu mkubwa hutoa uchafu na mtu mdogo hatoi.

Ahadi ya maji kwa wote

Uhuru ulileta ahadi nyingine, na ahadi hiyo ilikuwa njema. Tanzania mwaka 1971 ilianza mpango wa miaka 20 wa kumfikishia kila mwanakijiji maji umbali usiozidi mita 400 kutoka kwake. Uganda iliunda Shirika la Taifa la Maji na Maji Taka mwaka 1972. Mwanzoni lilihudumia Kampala, Entebbe na Jinja, na Tororo iliingizwa baadaye. Kenya mwaka 1974 ilianzisha wizara ya maji na kutangaza kwamba ifikapo mwaka 2000 kila mtu atakuwa na maji karibu naye. Umoja wa Mataifa nao uliifanya miaka ya 1981 hadi 1990 kuwa muongo wa maji ya kunywa na usafi.

Msomaji atazame vitenzi vya ahadi hizi: kufikisha, kuleta, kusambaza. Waziri hufungua bomba, maji yakaruka, akina mama wakapiga vigelegele, na picha ikatoka gazetini. Hatujapata kuona picha ya waziri akifungua mtaro wa maji machafu. Lakini wahandisi hukadiria kwamba katika kila ndoo kumi zinazoingia mjini kwa bomba, kama nane hutoka tena zikiwa chafu. Kwa hiyo kila shilingi iliyotumiwa kuleta maji ilizaa deni la kuyaondoa, na deni hilo halikuandikwa katika hesabu.

Mpakani deni lilikua upesi zaidi. Katika miaka ya 1970 na mwanzo wa miaka ya 1980 mashirika ya umma ya Uganda yalidhoofika kwa vurugu za utawala na vita, vipuri vya pampu vikakosekana, na Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika mwaka 1977. Wakati huo huo magendo yaliijaza miji ya mpakani watu na fedha. Vyumba vya kupangisha viliota kama uyoga pasipo ramani. Baadaye yakaja malori, na mwezi wa Februari 2018 marais wa nchi mbili wakafungua rasmi kituo cha pamoja cha mpakani Busia, ili mizigo isichelewe. Mizigo ikapata njia moja iliyo nyoofu. Lakini katika vitongoji kama Burumba na Marachi upande wa Kenya, na Sofia upande wa Uganda, wingi wa watu umeendelea kuongezeka juu ya ardhi ile ile, choo cha shimo kikiwa jirani wa kisima, na maji ya kufulia yakitafuta njia yake kati ya nyumba na nyumba.

Matokeo yake yameandikwa katika vitabu vya hospitali. Kipindupindu kiliingia Afrika Mashariki mwanzoni mwa miaka ya 1970 na hakijatoka. Uchunguzi uliofanywa Uganda umeonyesha kwamba mzigo mkubwa wa ugonjwa huo huziangukia wilaya za mipakani na za kando ya maziwa.

Somo lililotoka Busia

Hapa historia ya Busia inakuwa darasa kwa dunia nzima. Mwaka 1998 wachumi Michael Kremer na Edward Miguel, pamoja na wenzao, walianza kufuatilia shule 75 za msingi za wilaya ya Busia upande wa Kenya, ambako watoto walikuwa wakipewa dawa ya minyoo. Kabla ya dawa, zaidi ya watoto tisa katika kumi waliopimwa walikuwa na aina moja au zaidi ya minyoo. Dawa ilipotolewa, utoro ulipungua. Na ulipungua hata kwa watoto ambao hawakumeza dawa, kwa sababu wenzao waliacha kuwaambukiza. Lakini minyoo ilirudi, na dawa ikabidi itolewe tena na tena. Sisi walimu hatuhitaji kuelezwa sababu. Dawa huua mnyoo aliye tumboni; haiui yai lililo mtaroni.

Baadaye zilijengewa karibu chemchemi 200 za eneo hilo, ili maji yatoke kwa bomba dogo katika ukuta wa saruji badala ya kuchotwa kidimbwini. Vijidudu vya kinyesi vilipungua kwa asilimia 66 pale chemchemini, lakini kwa asilimia 24 tu katika mitungi ya nyumbani, kwa maana maji safi huchafuka tena njiani na mikononi. Hata hivyo kuhara kwa watoto kulipungua kwa kama robo. Yakafuata majaribio ya klorini. Dawa hiyo ilipouzwa dukani, ingawa kwa bei ndogo, hata mtu mmoja katika kumi hakuitumia. Ilipowekwa bure katika kitungi chenye bomba pale pale chemchemini, zaidi ya nusu ya watu waliitumia. Mwaka 2019 Kremer, pamoja na Abhijit Banerjee na Esther Duflo, alipewa Tuzo ya Nobel ya uchumi kwa uchunguzi wa namna hii.

Wako watakaosema kwamba watu wa Busia hawakununua klorini kwa ujinga. Sisi hatukubali. Mama mwenye shilingi chache hununua kwanza unga. Faida ya usafi wake, zaidi ya hayo, huenda kwa jirani kama inavyokuja kwake; na ni nadra mtu kununua dukani afya ya jirani yake. Ndiyo maana kuna kitu kiitwacho fedha za umma. Ikiwa hali ni hiyo kwa maji ya kunywa, ambayo mtu huyaona katika kikombe chake mwenyewe, itakuwaje kwa maji machafu ambayo madhara yake yote humwangukia mtu wa chini ya mkondo, pengine raia wa nchi nyingine?

Kazi ya jua na siku

Kuyarudisha maji kazini si uchawi, wala si lazima kuwe na mitambo ya gharama kubwa. Njia inayofaa nchi zenye jua kama zetu ni mabwawa yanayofuatana, kama yale yaliyojengwa Tororo kupokea maji ya sehemu ya mji yenye mabomba ya maji taka. Bwawa la kwanza huwa na kina cha mita 2 hadi 5. Humo uchafu mzito hutuama na kuozeshwa na bakteria wasiohitaji hewa. La pili lina kina cha mita 1 hadi 2; mwani humea juu yake, hutoa oksijeni mchana, na bakteria wa aina nyingine huitumia kumaliza uchafu uliobaki. La tatu, na pengine la nne, huwa na kina kifupi, ili mwanga wa jua upenye na kuua vijidudu. Mayai ya minyoo, yakiwa mazito, huzama chini na kubaki katika matope. Safari nzima huchukua siku nyingi, aghalabu wiki mbili au zaidi. Haihitaji umeme. Yahitaji ardhi, subira, na mtu wa kufyeka majani na kuondoa matope kwa wakati wake.

Maji yatokayo mwishoni si ya kunywa, lakini ni mali. Yana rutuba, nayo hupatikana hata wakati wa kiangazi. Shirika la Afya Duniani mwaka 1989 liliweka vipimo vya maji ya kumwagilia mboga zinazoliwa mbichi: yasizidi yai moja la mnyoo kwa lita, wala vijidudu 1,000 vya kinyesi kwa mililita 100. Huko Moshi, Tanzania, wakulima wa Mabogini wamekuwa wakilimia mpunga kwa maji yatokayo katika mabwawa ya mji, na hivyo takataka ya mji imekuwa ugali na wali wa shamba.

Wako waliokwenda mbali zaidi. Windhoek, mji mkuu wa Namibia, hauna mto wa kudumu. Mwaka 1968 mji huo ulianza kuyasafisha maji yaliyotumika majumbani na kuyarudisha katika mabomba ya kunywa, mji wa kwanza duniani kufanya hivyo. Kiwanda kipya cha Goreangab, kilichoanza kazi mwaka 2002, chaweza kutoa mita za ujazo 21,000 kwa siku. Jambo la kujifunza kwa Windhoek si mashine. Tangu mwanzo walitenga maji ya viwandani na maji ya majumbani, kila moja na njia yake, kwa kuwa kemikali za kiwandani haziliwi na bakteria. Tororo, yenye saruji na mbolea na viwanda vingine, ina sababu ya kulikumbuka hilo kabla ya kuchimba mtaro mmoja wa kubebea yote.

Busia na Tororo hazina ukame wa Namibia, wala hatusemi zinywe maji ya mabwawa. Lakini hoja ya kwamba mvua yetu ni nyingi haitoshi. Watu wa mpakani tayari wanakunywa maji yaliyokwisha kutumika, kwa sababu mito yao hupita kwa watu wengine kwanza. Tofauti yao na watu wa Windhoek ni kwamba wale wanajua, na wameyasafisha kwa makusudi.

Lipi lifanywe, na nani alifanye

Sheria haikosekani. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inamhakikishia kila mtu haki ya maji safi ya kutosha na ya usafi wa mazingira ulio wa kiwango kinachofaa. Na mwezi Julai wa mwaka huo huo Umoja wa Mataifa ulitamka kwamba maji na usafi ni haki ya binadamu. Mwaka 2015 Kenya na Uganda zilikubaliana kulisimamia kwa pamoja bonde la Sio, Malaba na Malakisi. Linalokosekana ni desturi ya kuhesabu safari nzima ya maji, toka mtoni hadi mtoni.

Kwa maoni yetu kila mpango wa kuongeza maji katika vitongoji vya Busia au Tororo ungepaswa kuja na sura ya pili inayosema maji hayo yatatokea wapi, yatasafishiwa wapi, na nani atayatumia baadaye. Mahali ambapo mabomba ya maji taka hayawezi kufika, magari ya kunyonya vyoo yapewe mahali halali pa kumwaga, pasiwe kinamasi. Ardhi ya mabwawa itengwe sasa, kabla haijauzwa viwanja. Na kwa kuwa mji wa Busia ni mmoja, haifai upande mmoja ujenge na mwingine umwage. Kama nchi mbili ziliweza kukubaliana juu ya ushuru wa lori moja, zaweza kukubaliana juu ya mtaro mmoja.

Nasi walimu tuna sehemu yetu. Lugha yetu imeyaita maji haya "maji taka", na jina hilo humfanya mtu ayape kisogo. Siku hizi wako wanaosema "kurejeleza" kwa maana ya kukirudisha kitu kilichotumika kifae tena. Neno hilo ni la Kiswahili safi, na lafaa lifundishwe. Hata hivyo neno pasipo kitu ni kelele. Tunapendekeza mwalimu wa mpakani awachukue wanafunzi wake siku moja, waufuate mtaro wa shule kuanzia bombani hadi unapoishia, kisha waandike insha juu ya walichokiona na juu ya nani anaishi hapo mtaro unapoishia. Wakirudi darasani, na waieleze upya ile methali ya ubaoni. Huenda wakatuambia kwamba maji yakimwagika huzolewa kila siku, na kwamba anayeyazoa ni mtoto mwenzao, mwenye ndoo, chini ya mkondo.